Twahira na Jicho la Maji ya Chumvi

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Twahira Muzammil amesimama kwenye veranda ya nyuma ya kliniki ya macho ya Elerai, Arusha, anausubiri mlima. Mkononi ana kopo dogo jeusi la plastiki, la aina ile inayouzwa na filamu ndani. Halijazi hata kiganja chake.

Mlima haupo. Kuna ukungu tu, mzito, ulioanzia kwenye migomba ya jirani na kufunika kila kitu. Jogoo anawika humo ndani. Mtu anakohoa humo ndani, baiskeli inapita, haionekani. Meru, mlima wa zaidi ya mita elfu nne, umepotea mzima mzima.

"Leo siku ya kumi na tisa," anasema bila kugeuka. "Tangu kabla ya Idd sijauona."

Mvua hizi za El Nino zimekata barabara, zimeozesha mahindi, zimebomoa nyumba. Kwa Twahira zimefanya kitu kingine. Zimemnyima kipimo chake. Bila mlima hawezi kusema kama lenzi nane zilizoko kwenye kabati la daktari ni nzuri au ni mbovu, na kwenye benchi la mbele wameshaanza kukaa watu wanane waliokuja kuwekewa lenzi hizo leo.

Mmoja wao ni baba yake.

Twahira ana miaka arobaini na saba. Kwenye karatasi za kliniki ameandikwa fundi miwani. Anakata vioo, ananyoosha fremu zilizokaliwa, analipwa shilingi elfu hamsini na tano kwa mwezi. Kazi yake ya pili haijaandikwa popote. Anapima lenzi za kupandikiza.

Mtu akiingiwa na mtoto wa jicho, lenzi yake ya kuzaliwa huwa nyeupe kama maziwa. Daktari huitoa na kuweka ya plastiki mahali pake. Ni kitu kidogo, ukubwa wa punje ya dengu, chenye vikono viwili vyembamba kama vya mdudu. Kikishaingia ndani ya jicho hakitoki kirahisi. Mwenyewe atatazama kwa hicho mpaka siku ya kufa.

"Watu wanadhani daktari akishaiweka, kazi imekwisha," anasema Twahira. "Lenzi ikiwa mbovu umemtoa mtu gizani ukamwingiza kwenye moshi. Na hataweza kukueleza. Atasema tu naona vibaya, na wewe utamwambia ni uzee."

Zamani tatizo hili halikuwepo kwa sababu lenzi zenyewe hazikuwepo. Mtu alitolewa mtoto wa jicho, akapewa miwani mizito kama matako ya chupa, akarudi kwao. Tangu biashara ilipoachiwa huru, kila kitu kinaingia Arusha. Redio zinaingia, betri, mashati ya mitumba, na lenzi za macho zinaingia vilevile. Boksi moja lina lebo safi ya kiwandani. La pili lina lebo iliyobandikwa juu ya lebo.

"Nyingine nzuri kabisa," anasema. "Nyingine Mungu ndiye anajua zilitengenezwa siku gani na nani alikuwa na usingizi."

Ndiyo maana ya kopo.

Mbele amelitoboa na kubandika kioo kidogo kilichovimba, alichokitoa kwenye darubini iliyokanyagwa na gari la watalii. Hicho ni kioo cha mbele cha jicho. Ndani ameweka pete ya shaba ya kushikilia lenzi. Nyuma ameweka kipande cha kioo alichokisugua kwa msasa mpaka kikaingia ukungu. Picha hutua hapo, kama inavyotua kwenye pazia la nyuma ya jicho la mtu. Katikati kuna maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo. Yeye hutazama kwa nyuma, kwa lenzi ya fundi saa aliyoibana kwenye kope.

Siku mlima ukiwa wazi, huelekeza kopo kaskazini na kuutia mlima ndani. Unaingia wote. Unaning'inia kichwa chini, mdogo kama ukucha, msitu juu, kilele chini, wingu likipita polepole kwenye miguu ya miamba. Umetulia ndani ya maji kama uliozaliwa humo.

"Mwanzoni nilikuwa nasahau kupima," anasema na kucheka. "Nilikuwa nautazama tu. Eunike ananiita, Dada Twahira, Dada Twahira, mimi sisikii. Nilikuwa nimeshaingia ndani."

Eunike ni muuguzi wa kliniki, msichana wa Tengeru wa miaka ishirini na sita. Anathibitisha. "Siku moja nilimshika bega, akaruka. Akaniuliza, tumefika? Nikamwuliza, wapi, Dada?"

Kipimo chenyewe si kigumu kukieleza. Lenzi nzuri huleta ukingo mmoja wa kilele, mkali kama wembe. Mbovu huleta kingo mbili, ukingo na kivuli chake. Nyingine huyeyusha mlima wote kama sabuni. Amewahi kujaribu kutazama tangi la maji la jirani, akaliacha. Tangi ni nene, liko karibu, na halina kitu chembamba cha kuiumbua lenzi mbovu. Aliwahi pia kuchora mistari kwenye karatasi na kuitundika ukutani, lakini chumba ni kifupi. Jicho hilo la kopo amelipima litazame mbali.

Tangu mwaka 1995 amepima maboksi sitini na moja. Saba ameyakataa.

Kila boksi hugharimu lenzi moja. Lenzi huja imefungwa, haina kijidudu. Ikifunguliwa na kutiwa kwenye kopo, haiwezi tena kuingia kwenye jicho la mtu. Ukiichemsha inapinda. Boksi lenye lenzi thelathini halilalamiki ukitoa moja. Safari hii barabara zimekatika, na boksi lililofika lina nane tu. Daktari aliita watu wanane.

Saa moja na nusu. Benchi la mbele limejaa. Mzee Lerionka, aliyetoka upande wa Nduruma akiongozwa na mjukuu wake wa kike, ameambiwa wanasubiri mlima. Anageuza macho yake meupe kushoto na kulia.

"Mimi nimezaliwa chini ya mlima huo," anasema kwa sauti ya kusikika barabarani. "Haujawahi kunipa hata kikombe cha chai. Leo ndiyo unataka nione kwa ruhusa yake?"

"Kaa kimya, Babu," anasema mjukuu. "Utaukasirisha."

"Ukasirike! Siuoni, haunioni."

Benchi zima linacheka. Mwishoni kabisa mwa benchi, mzee mwembamba mwenye kofia iliyoshonwa kwa mkono anacheka pia, ila kimyakimya. Fimbo ameilaza magotini. Huyo ni Mzee Muzammil, baba wa Twahira, miaka sabini na nne, aliyekuwa mpiga picha wa Kaloleni kwa miaka thelathini na mitatu.

Watu wengi wa Arusha wenye umri wa kutosha wana picha yake nyumbani bila kujua. Picha za harusi, za kipaimara, za pasi ya kusafiria, za mtoto aliyekalishwa kwenye kiti cha ukindu akilia. Twahira alianza kazi kwake akiwa na miaka kumi na tano. Kazi yake ilikuwa kurekebisha negativu, ile filamu ambayo cheusi huonekana cheupe, kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa kama sindano. Alifuta makovu, akapunguza mikunjo, akamfungua macho aliyefumba.

"Nimefundishwa kuona kitu cha upana wa unywele," anasema. "Sikwenda chuo chochote. Nilifundishwa na negativu."

Mashine za picha za rangi zilipoingia mjini, mteja akaanza kupata picha zake kwa saa moja. Studio iliyokuwa ikipiga watu ishirini na tano kwa siku ikawa inapiga watatu. Mwaka 1994 ilifungwa. Hakuna aliyefanya hila. Mashine ilikuwa na kasi kuliko penseli, basi.

Kabla ya hapo jambo jingine lilikuwa limeshatokea. Mwaka 1992 Mzee Muzammil alitolewa mtoto wa jicho la kushoto na kuwekewa lenzi, katika hospitali moja ya kulipia ya mji mwingine ambayo leo haipo. Bandeji ilipofunguliwa alisema anaona mbilimbili, na kila taa ina mkia. Wakamwambia atazoea. Aliporudi mara ya pili wakamwambia ni uzee. Mara ya tatu walimwambia mzee, shukuru unaona.

"Mtu aliyetazama kwenye kamera maisha yake yote," anasema Twahira, "wanamfundisha kuona."

Daktari Hedwiga, mwenye kliniki hii, alimwajiri Twahira baada ya studio kufungwa. Mwaka uliofuata baadhi ya wagonjwa wakaanza kulalamika maneno yaleyale: mbilimbili, mikia. Twahira alisikiliza siku nzima akiwa anakata vioo. Jioni hiyo alianza kutoboa kopo.

Na hapo alifanya kosa ambalo bado linamwuma.

Studio ya baba yake ilikuwa na amri moja isiyovunjwa: lenzi haigusi maji. Hata jasho la kidole lilimpandisha hasira mzee. Basi Twahira alitengeneza jicho lake la kwanza kavu, safi, limefutwa kwa kitambaa laini. Aliweka lenzi ya boksi jipya la lenzi thelathini, akaelekeza mlimani, asione kitu. Weupe mtupu. Akatoa ya pili, weupe mtupu. Alimwambia daktari boksi lote ni bovu. Daktari, ambaye hakutaka kurudia makosa, alilirudisha.

Wagonjwa ishirini na wawili walirudi makwao wakasubiri miezi mitatu. Mmoja wao, Mzee Saning'o, alitumbukia kwenye mfereji wa shamba akavunjika mguu.

"Nilikwenda kumwona," anasema Twahira. "Nikakaa kwenye kigoda chake nikashindwa kusema. Yeye ndiye aliyenikaribisha chai."

Usiku ule alimweleza baba yake yote: kopo, pete, ule weupe. Mzee alikuwa anamenya chungwa.

"Jicho hilo umelitia nini ndani?"

"Sijatia kitu, Baba. Ni kavu."

"Kavu?"

"Lenzi si haigusi maji?"

Mzee aliweka chungwa chini. "Mwanangu, jicho gani kavu umewahi kuliona?"

Twahira anasema alinyanyuka hapohapo akaenda kuchota maji. Lenzi ya kamera imetengenezwa ikae kwenye hewa. Ya jicho imetengenezwa ikae majini. Ukiitoa majini inapinda mwanga kupita kiasi, na picha inatua mahali ambapo hapana pazia. Asubuhi yake mlima uliingia kwenye kopo kwa mara ya kwanza. Lenzi mbili alizozifungua, alizoziita mbovu, zilikuwa nzuri kabisa.

Mwezi mmoja baadaye alipata lenzi moja ya kiwanda kilekile na namba ileile iliyowekwa kwenye jicho la baba yake. Ilikuwa imelala kwenye kabati la muuza dawa. Akaitia majini. Mlima ukaja na kingo mbili na kila kitu kinachong'aa kikawa na mkia.

"Nilikaa chini sakafuni," anasema. "Kisha nikakimbia nyumbani kumwambia, Baba, hukuwa unazua."

Sasa jicho la kulia la Mzee Muzammil nalo limeingia mtoto wa jicho. Linaona mwanga wa dirisha, halioni dirisha. Daktari amesema la kushoto haligusi tena, lina makovu, linaweza kupotea lote. Limebaki moja. Lenzi itakayowekwa humo ndiyo hiyohiyo mpaka mwisho.

Saa mbili na nusu. Ukungu umegeuka manyunyu. Daktari Hedwiga anatoka verandani akiwa ameshavaa gauni la kijani. Ni mama wa Kirombo, mnene, mwenye sauti ya chini.

"Fundi, vipi?"

"Bado, Daktari."

"Mimi nikishapita saa nne mikono inachoka. Hawa nimewarudisha mara mbili. Yule mama wa Kimaasai, yeyo Namnyaki, ametembea tangu jana."

"Najua."

"Lebo iko safi. Naweza kuamua mwenyewe kuziweka."

"Unaweza, Daktari."

Daktari anamtazama. "Ungeniambia nimwekee mzee wako?"

Twahira anageukia ukungu. Manyunyu yanasikika kwenye bati.

Kutoka kwenye benchi, sauti ya Mzee Muzammil inakuja, si kubwa. "Twahira. Kamera iko wapi?"

Kamera kubwa ya studio, ya mbao na mvukuto wa ngozi, iko stoo ya kliniki. Twahira aliileta mwezi wa Desemba paa la nyumbani lilipoanza kuvuja, pamoja na masanduku ya negativu.

"Ipo ndani, Baba."

"Kamera inafanya nini?"

"Baba, sasa hivi…"

"Nimekuuliza. Inafanya nini?"

"Inaleta mlima kwenye filamu."

"Basi weka filamu mahali pake, uwashe taa nyuma. Itatoa mlima nje, njia ileile uliyoingilia."

Mjukuu wa Mzee Lerionka ameacha kula ndizi. Twahira amesimama na mdomo wazi, kisha anaanza kucheka, kisha hacheki tena, ameshaingia stoo.

Wanaiweka kamera juu ya meza ya miwani. Twahira anatoa negativu ya mwaka 1971, ukubwa wa kiganja, iliyopigwa Januari moja kavu. Eunike anashika balbu nyuma yake kwa karatasi ya mafuta ili mwanga utulie. Linabaki jambo moja. Kamera lazima iwe imewekwa kutazama mbali, palepale ilipokuwa siku ile, la sivyo mwanga utatoka umepinda. Namba za kwenye reli zimefutika zamani.

Mzee Muzammil anaongozwa mpaka mezani. Anaweka kidole gumba kwenye reli ya mbao na kukisogeza polepole, kama anayetafuta mwiba kwenye unyayo wa mtoto. Kidole kinasimama.

"Hapa. Nilikwaruza na msumari. Mbele ya huu ukwaruzo kuna harusi, nyuma hakuna kitu. Hapa ni mlima."

Twahira anavuta mvukuto mpaka kwenye kidole cha baba yake, anakaza skrubu.

Kisha daktari anauliza kinachopaswa kuulizwa. "Nikifungua lenzi moja, zinabaki saba. Nani anarudi nyumbani?"

Watu wanane wasioona wanatazama mbele. Namnyaki ameshika shanga zake. Mzee Lerionka hana utani.

"Fungueni ya kwangu," anasema Mzee Muzammil.

"Baba, hapana."

"Kwa nini hapana?"

"Jicho lako ni hilo moja."

"Na huyu mama ana mangapi?"

"Baba, tafadhali. Zinaweza kuwa nzuri zote. Tutakuwa tumeitupa bure."

"Ukiona ni nzuri, hujaitupa." Anageuza uso kuelekea sauti yake. "Hawa hawajui lenzi mbovu ni kitu gani. Mimi najua. Miaka sita kila taa ina mkia, mwanangu. Mwezi una mkia. Usiniambie nikae hapa nisikilize watu saba wakipigiwa bahati nasibu."

Daktari anamwangalia Twahira. Twahira anaangalia sakafu. Kisha ananyoosha mkono, na daktari anampa bahasha ndogo.

Anaifungua. Anaikamata lenzi kwa koleo, anaitia kwenye pete, anajaza maji taratibu ili pasibaki povu. Anafunga na kuliweka kopo mbele ya kioo cha kamera, likiitazama. Eunike anawasha balbu. Mapazia yanashushwa.

Twahira anabana lenzi ya fundi saa kwenye kope na kuinama.

Kwa kuwa ni negativu, mlima umekuja mweupe, umesimama kwenye anga jeusi. Msitu unang'aa kama theluji. Makorongo yanateremka kama nyuzi za fedha. Ni Januari ya mwaka 1971, hakuna mvua, hakuna wingu hata moja, na mlima wote umelala kwenye maji ya chumvi ya kopo la filamu, ukisubiri mtu autazame ukingo wake.

Anautazama muda mrefu. Anageuza kopo kidogo kushoto. Anageuza kulia. Kliniki nzima inasikiliza pumzi yake.

"Ukingo mmoja," anasema.

"Una hakika?" anauliza daktari.

"Mmoja. Mkali mpaka mwisho. Wekeni."

Mzee Lerionka anapiga makofi, halafu wote. Eunike anafuta macho kwa mgongo wa mkono ulioshika balbu na karibu auchome mvukuto.

Mzee Muzammil hapigi makofi. Anauliza, "Nzuri?"

"Nzuri, Baba."

"Nzuri sana?"

"Nzuri kuliko zote nilizowahi kuona." Anafunika kopo kwa kiganja. "Ilikuwa yako."

"Haya. Nitafutie gari nirudi nyumbani, kabla mvua haijaongeza."

Kesho yake, Jumatano asubuhi, bandeji saba zinafunguliwa. Mzee Muzammil amerudi, hakuna aliyemwita. Amekaa mahali pake mwisho wa benchi, na anamwuliza kila anayefunguliwa swali lilelile.

"Taa ina mkia?"

"Haina," anasema wa kwanza.

"Ya pale juu. Tazama vizuri."

"Mzee, haina mkia. Ina nzi."

Zamu ya Namnyaki. Anatazama mikono yake, anahesabu shanga moja moja, anagusa rangi. Halafu anamsogelea Mzee Muzammil, anaushika uso wake kwa mikono miwili na kuutazama kwa karibu, kama mtu anayesoma barua. "Basi ni wewe," anasema. Anaondoka.

Mzee Lerionka ametoka nje kuutazama mlima. Haupo. Analalamika kwamba ametibiwa aone ukungu.

Mchana huohuo Twahira anaomba ruhusa na kwenda kwenye duka la Abdulsalam, karibu na Soko Kuu. Abdulsalam ndiye anayeleta lenzi. Ni kijana wa miaka thelathini na mbili, mcheshi, mwenye simu mbili.

"Dada Twahira! Zimekataa?"

"Zimekubali. Nataka boksi lijalo liwe na tisa."

"Tisa? Wameagiza nane."

"Nane za watu, moja ya kopo. Na kila boksi, siku zote. Ya kopo usiilipishe."

Abdulsalam anacheka mpaka wateja wanageuka. "Dada yangu, unataka nikupe macho ya bure? Mimi si sadaka, mimi ni duka."

Twahira habishani. Anatoa makopo mawili kwenye mkoba na kuyaweka juu ya kaunta, moja baada ya jingine. Kwenye moja ametia lenzi ya jana. Kwenye jingine ipo ile mbovu, ya kiwanda kimoja na lenzi ya baba yake, aliyoitunza tangu mwaka 1995. Anamwambia atazame barabarani, kwenye ile taa ya duka la vitambaa ng'ambo.

"Tazama zote mbili. Kisha uchague ya mama yako."

Abdulsalam anainama akitabasamu. Anatazama kopo la kwanza, anatazama la pili. Tabasamu linapungua. Anarudia la kwanza. Mteja anauliza bei ya glavu, hajibiwi. Barabara yote ya Soko Kuu inapita kichwa chini ndani ya maji, watu wakitembea angani na miavuli yao, na taa ya duka la vitambaa imevuta mkia mrefu mpaka ukingoni mwa kopo.

Anainuka. Anavuta daftari la oda.

"Tisa," anasema. Hacheki tena. "Lakini mama yangu bado anaona vizuri."

"Mungu amzidishie."

Boksi hilo linatarajiwa Jumanne, tarehe kumi na saba Machi. Mzee Muzammil ameandikwa kwenye orodha. Daktari alitaka awe wa kwanza, mwenyewe akasema awekwe popote mradi chai iwepo.

Twahira ameshaamua kwamba siku hiyo hatapima. Anasema hajiamini. Akitazama lenzi itakayoingia kwenye jicho la mwisho la baba yake, anaweza kuona ukingo mmoja kwa sababu anautaka, au kuona mbili kwa sababu anaogopa. Siku hiyo anataka kukaa kwenye benchi kama binti wa mgonjwa yeyote, ashike fimbo ya mzee.

Kwa hiyo anamfundisha Eunike. Kila jioni baada ya kazi wanashusha mapazia, wanawasha balbu nyuma ya negativu, na Twahira anabadilisha lenzi nzuri na mbovu bila kumwambia ipi ni ipi. Wiki ya kwanza Eunike alikosea mara nne. Wiki hii amekosea mara moja.

Anatumaini pia kutengeneza macho mengine matano, moja kwa kila kliniki atakayoipata yenye daktari asiyeona aibu kutazama ndani ya kopo. Vioo vya darubini anavyo vitatu. Madereva wa watalii wameahidi kumletea vingine.

Jioni moja Eunike anainua uso kutoka kwenye kopo, kope lake jekundu kwa kubana lenzi.

"Dada, siku hiyo nikiona kingo mbili je? Baba akiwa amekaa palepale?"

Twahira anamwaga maji ya zamani kwenye ndoo na kuchota mapya.

"Sema," anasema. "Sema kwa sauti, asikie."